Chaja Haikufa kwa Bahati Mbaya

Wandugu, kuna maneno mawili ninayotamani yapigwe marufuku hapa Tabora: "bahati mbaya". Umeme umekatika, umerudi kwa kishindo, laptopu imekufa. Bahati mbaya! Chaja ya jana imetoa moshi. Bahati mbaya! Hivi siku hizi bahati nayo inapita kwenye nyaya?

Umeme wa soketi zetu ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Mtumba wa huko unashuka bandarini Dar, unapita Kariakoo, kisha unakuja kwetu kwa basi au treni, ukielekea bara kama misafara ya zamani ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Kifaa kimeandikwa INPUT 120V, muuzaji anakupachikia adapta, plagi inaingia, eti kazi imekwisha. Haijaisha! Adapta ile inabadili miguu ya plagi tu, volti haigusi. Kilichoandikwa 100-240V chomeka bila wasiwasi. Cha 120V peke yake kinataka transfoma ya kushusha umeme, la sivyo unakichoma.

Na chaja ya laptopu je? "Pini imeingia" siyo kipimo. OUTPUT ikiwa 19V, tafuta ya 19V. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Chanya na hasi zikae upande ule ule. Yote yameandikwa mgongoni mwa chaja. Mji uliomsomesha Nyerere unashindwa kusoma mistari miwili?

Halafu wapo wanaosukuma peni kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Wasomi wa chuo kikuu hao! Tundu lile ni la waya wa ardhini, na kile kifuniko unachokilazimisha kufunguka kimewekwa kukulinda.

Lakini tusiishie kumlaumu mnunuzi. Anayeuza eksitensheni yenye kitaa chekundu na kuiita kinga ya umeme anadanganya watu. Kitaa kinaonyesha umeme upo, hakizuii kitu. TBS iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Nataka kuiona kwenye meza za wauza chaja, siyo kwenye semina tu.

Na umeme wenyewe? Sisi wa LUKU tunalipa kabla ya kuona mwanga. Anayelipwa mapema anadaiwa umeme salama, siyo umeme tu. Kifaa kikiungua, andika tarehe na saa, tunza risiti, peleka malalamiko TANESCO kwa maandishi. Usiporidhika, panda EWURA. Tukinung'unika kijiweni bila kuandika, kwenye mafaili yao hakuna kilichoungua.

Wakati tunasubiri haki, tusizubae. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Wingu la radi likianza kujikusanya, chomoa mapema. Ukiweza, nunua kinga ya kweli na hakikisha nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi hadi pwani, na msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, kila mtu akimjua. Leo tunabeba laptopu ya kilo mbili, ikiungua hatujui tumuulize nani. Kirangozi wa umeme wetu yupo, ana ofisi na ana mhuri. Tumuulize!