Kivinjari Kije na Simu, Lakini Kisishonewe Ndani

Ukinunua simu ya Android Isiolo mjini na kurudi nayo Merti, kivinjari kiko ndani tayari, mara nyingi Chrome. Hukukichagua, na kwa simu nyingi huwezi kukifuta, unaweza tu kukizima. Je, hiyo ni sawa?

Kuja nacho, sisi tunasema ni sawa. Bando ni pesa, na hakuna haja ya kuimaliza ukitafuta mlango wa kuingilia mtandaoni. Hata M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Ndiyo maana mwenye kabambe aliweza kutuma pesa bila intaneti.

Shida inaanza kivinjari kikishonewa kwenye mfumo wa simu. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kuiunganisha Internet Explorer na Windows na kuwabana washindani kama Netscape. Unaweza kuona hiyo ni vita ya matajiri. Lakini aliyeuza mbuzi sokoni Merti akalipwa kwa simu, pesa zake ziko kwenye simu ile ile anayofungulia linki. Kwake hili ni jambo la usalama.

Kwenye iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo. Simu ikizeeka na kuacha kupata sasisho, Safari nayo inabaki na mianya ambayo wezi wanaijua. Kuweka Chrome hapo hakusaidii sana, kwa sababu huku kwetu inatumia injini ile ile ya Safari. Kwenye Android, Chrome husasishwa peke yake kupitia Play Store. Kwa hivyo hata simu ya mtumba iliyoachwa na kiwanda bado inaweza kupata kivinjari kipya kwa muda.

Msimamo wetu ni huu: watengenezaji waweke kivinjari, lakini kisasishwe chenyewe, na mwenye simu aweze kukibadilisha kabisa.

Wewe nawe, leo fungua Play Store, tafuta kivinjari chako, na ukiona kuna sasisho, lichukue. Kama simu yako haikubali tena kivinjari chochote kipya, mambo ya pesa yafanyie kwenye menyu ya laini, si kwenye linki. Na PIN yako usiiandike kwenye ukurasa wowote wa kivinjari, hata ukiwa na nembo unayoijua.