MIKOKO YATAKA WENYE UJUZI

Wako vijana wetu wengi waliomaliza masomo ambao wakiulizwa watafanya kazi gani hujibu: ofisini. Hatuwalaumu, maana tangu utoto waliambiwa kuwa matope ni ya asiyejua kusoma. Lakini ndugu zetu wa pwani wajua iko kazi ya matope itakayo akili nyingi, nayo ni kurudisha mikoko mahali ilipokatwa.

Watu hudhani kazi hiyo ni kuchomeka mbegu topeni na kupigwa picha. Sivyo hata kidogo. Mlilana husimama mbele kuikabili bahari, mkoko hufuata, na mkandaa hupenda nyuma, karibu na nchi kavu. Ukipanda mkoko mahali pa wazi ambapo maji hukaa saa nyingi, mche hufa, na fedha ya watu imetupwa baharini. Basi msimamizi sharti ajue bamvua na maji mafu, ajue udongo na chumvi yake. Mara nyingine haifai kupanda hata mche mmoja. Yafaa kuzibua njia ya maji iliyozibwa, na mbegu zitakuja zenyewe.

Delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote pwani ya Tanzania. Sehemu imefyekwa kwa mashamba ya mpunga. Hatusemi wakulima wafukuzwe, kwani afukuzwaye bila kupewa shamba jingine hurudi usiku na panga. Hapo ndipo atakiwapo bwana misitu anayeweza kukaa barazani na wazee wakaelewana.

Jirani zetu wa Gazi, Kenya, tangu 2013 wanatunza hekta 117 katika mpango wa Mikoko Pamoja. Huuza hifadhi ya hewa ya ukaa, na mapato yamewapatia maji na vifaa vya shule.

Kwetu twaona nini? Mradi huja na mtaalamu wake kutoka mbali. Kijana wa kijijini, ambaye baba yake alikata boriti na anajua kila mkono wa mto, hulipwa ujira wa kutwa. Mradi ukiisha, naye amekwisha.

Olmotonyi pana chuo cha misitu, Mbegani pana chuo cha uvuvi, Unguja pana Taasisi ya Sayansi za Bahari. Halmashauri za pwani ziwasomeshe huko vijana wa deltani, wa kike na wa kiume, kisha ziwaajiri kwa mshahara wa mwezi. Mkoko huchukua miaka kukua, na kibarua hawezi kuungojea.

Matawi ya Rufiji, Kilwa, Bagamoyo na Pangani yalijadili jambo hili katika mkutano ujao, na majina ya vijana walio tayari yaandikwe.