Mzee Anapoyahadithia Maisha Yake

Katika nyumba zetu nyingi yupo mzee ambaye baada ya sala ya Isha huanza kuhadithia mambo ya ujana wake, na vijana wakatazamana kwa kuwa hadithi ile wamekwisha kuisikia mara nyingi. Mzee hutaja bei ya unga wa zamani, jina la jahazi alilolipanda, na chakula alichokirimiwa na watu asiowajua. Lakini akiulizwa habari za mtoto wake aliyefariki, husema maneno mawili matatu, kisha huomba maji ya kunywa. Sisi twaona kuwa maneno hayo mawili matatu yafaa kusikilizwa kuliko hadithi nzima. Mwezi huu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mzee mmoja wa namna hiyo, ambaye masimulizi yake yaliandikwa yakahifadhiwa. Naye ni Ibn Battuta.

Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Maghribi, mwaka 703 H. (1304). Mwezi wa Rajab 725 H. (1325), umri wake ukiwa miaka 22 kwa hesabu ya mwezi, aliondoka peke yake kwenda Hija. Hija ilipokwisha hakurudi. Alitembea Iraki, Yemen na nchi za Waturuki; akafika India, akafanywa kadhi Delhi; akafika visiwa vya Maldivi, akafanywa kadhi huko pia; na mwenyewe asema alifika mpaka Uchina. Aliporejea Maghribi ulikuwa mwaka 750 H. (1349). Baadaye alikwenda Andalusi, kisha akalivuka jangwa mpaka Mali, ndipo Sultani Abu Inan alipomwamuru asimulie yote aliyoyaona, na Ibn Juzayy akawa mwandishi wake. Kazi hiyo ya kusimulia ilikwisha mwezi wa Mfunguo Tatu 756 H. (Desemba 1355), naye amekwisha kupita miaka 50.

Alitegemea zaidi kumbukumbu yake. Katika bahari ya India alinyang'anywa na maharamia kila alichokuwa nacho, na baadhi ya maandishi yake yalipotea huko. Kwa hiyo haistaajabishi kuwa miaka ya safari zake mara nyingine haipatani, wala kuwa baadhi ya maelezo ya Damascus na Makka yalichukuliwa katika kitabu cha Ibn Jubayr aliyemtangulia. Hata wakati wake wako watu walionong'ona kuwa asema uongo. Ibn Khaldun ameyataja hayo.

Lakini tazameni alivyoikumbuka pwani yetu. Alipita hapa karibu mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, naye baada ya miaka zaidi ya 20 aeleza kuwa misikiti yake ilikuwa ya mbao, imejengwa imara; kwamba penye milango yake vilikuwapo visima vifupi, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa kiasi cha dhiraa moja. Sisi tungekiita kata. Aeleza kuwa watu walikwenda miguu mitupu, wakaosha miguu kabla ya kuingia, na mlangoni palitandikwa mkeka mnene wa kujifutia. Mgeni wa usiku mmoja hakuusahau mkeka!

Sasa tutafuteni katika kitabu hicho habari za watoto wake. Hazikuwekwa mahali pamoja. Zimetawanyika, mstari hapa na mstari pale. Binti yake mchanga, hajatimiza mwaka, alifariki Delhi mwezi mmoja na nusu baada ya wao kufika. Maldivi aliacha mke na mtoto wa kiume. Alirudi huko kumtazama, na mtoto ana miaka miwili; akaletewa, akamwona, kisha akaona ni heri abaki kwa mama yake, akamrudisha, akasafiri. Siku zake zote za safari hiyo zilikuwa tano.

Na Damascus alimwacha mke mwenye mimba. Alipokuwa India alipata habari kuwa amezaliwa mtoto wa kiume, akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Miaka zaidi ya 20 baada ya kuondoka, mwaka 1348, aliingia Damascus tena, na neno la kwanza aliloliuliza lilikuwa juu ya mwanawe. Akajibiwa kuwa amekufa tangu miaka 12. Hatujui dinari zile zilimnunulia nini mtoto yule. Wako akina baba wengi leo, walioko ng'ambo kwa kazi, wapelekao fedha nyumbani kila mwezi kwa watoto wasiozijua sura zao. Hatuwalaumu, maana haja ina nguvu, lakini tungependa waisome habari hii.

Mjini humo humo alikutana na mwanachuoni wa kwao Tangier, akamwuliza habari za wazazi wake. Akaambiwa: baba amefariki miaka 15 iliyopita, mama yu hai. Mwaka ule tauni ilikuwa ikiua watu katika Sham na Misri, na ilikuwa imefika Maghribi pia. Yeye alikwenda kwanza Makka akahiji tena, kisha ndipo akashika njia ya kwao. Alipofika mji wa Taza, safari ya siku chache tu kufika Tangier, akapata habari kuwa mama yake amekufa kwa tauni. Alikwenda Fez kumwamkia Sultani, baada ya hapo akaenda Tangier kulizuru kaburi.

Yote hayo ayasema kwa maneno machache. Wako wasomao wakadhani alikuwa mtu mgumu wa moyo. Sisi hatuoni hivyo, kwa sababu moja. Alipoanza kumsimulia Ibn Juzayy, mwanzoni kabisa mwa safari, alisema kuwa siku aliyoondoka Tangier baba na mama yake walikuwa hai, na kwamba kuachana nao kulimwia kuzito, akahuzunika yeye, wakahuzunika wao.