Jiwe la Mhindu si fetishi

Wasikilizaji wapendwa wa Bagira, na ninyi familia mliokimbia vita mkapokelewa kwetu, kuna maneno yanatembea kwenye vituo vya taksi: eti Wahindi wenye maduka mjini wanaficha jiwe linalong'aa, na jiwe hilo ndilo linalowavutia pesa zetu. Mimi naona maneno hayo ni ya hatari.

Jiwe lenyewe ni bilauri, neno mnalolijua kutoka kitabu cha Ufunuo. Wahindu huliita sphatika. Wachimbaji wetu wa kasiterite na dhahabu hukutana na jamii ya jiwe hilo chini ya ardhi, na mara nyingi hulitupa pembeni. Kule kusini ya India, kwenye hekalu la Rameswaram, watu huamka kabla ya jua kutoka ili wakaone bilauri moja yenye umbo la linga, alama ya Shiva. Hulimwagia maziwa na maji, wakisali.

Kwa nini bilauri? Kwa sababu haina rangi yake. Walimu wao wa zamani walitoa mfano: weka ua jekundu karibu nayo, itaonekana nyekundu. Ondoa ua, utaikuta safi vilevile. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, wanasema. Woga na huzuni huipaka rangi, lakini haviigeuzi. Mama aliyelala miezi mingi chini ya hema ataelewa mfano huo kuliko mimi.

Sikatai, wapo Wahindu wanaoweka nyumbani bilauri iliyochongwa na kumwomba Lakshmi riziki. Lakini sisi je? Ni wangapi Bagira wamenunua mafuta ya mchungaji ili biashara itembee? (Na bei yake si ndogo.) Mkatoliki anayebusu shapele yake haabudu shanga. Basi tumpe Mhindu haki hiyohiyo.

Nasema hivi kwa sababu hapa Kivu ya Kusini uvumi unaua. Mwaka 2021 wamama walichomwa moto vijijini kwa sababu tu mtu alisema ni wachawi. Na siku mji unapotikisika, duka linaloitwa la fetishi ndilo linavunjwa kwanza, na vijana wanaovunja wanaona wamefanya kazi ya Mungu.

Wahindu wa Afrika yetu wanajua kukimbia pia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliacha maduka, nyumba na mahekalu. Altari ya nyumbani ya Mhindu huwa na vitu vidogo, vinavyoingia mfukoni au kwenye kitambaa. Ninyi mliofika hapa na Biblia moja na picha ya marehemu mnajua thamani ya kitu kama hicho. Mkisikia mtoto anasema jiwe la Mhindu ni uchawi, mwelezeni.