Ile asilimia 20 yetu iko wapi?
Kila mwezi msafara wa baiskeli wa Critical Mass Nairobi huingia barabarani, na wanaoupanga ni watu wa kujitolea. Utasema ni starehe ya wapenda baiskeli tu. Hapana bana. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Wewe unayeruka mitaro kwenda steji, umeiona hiyo pesa? Badala yake, 2022 tulifunguliwa Expressway, ambako mguu wako hauruhusiwi kukanyaga. Hao wa kujitolea wamejaribu, lakini kelele za wachache hazitoshi. Vikao vya maoni kuhusu bajeti viko wazi kwa kila mtu. Enda ukaulize.