Sheria ya mkoloni yavishwa kanzu ya mila

KILA mjadala kuhusu wapenzi wa jinsia moja unapozuka nchini, baadhi ya wanasiasa na viongozi wa dini hudai kuwa mambo hayo yaliletwa na Wazungu. Kinachosahaulika ni kwamba sheria inayowaadhibu ndiyo iliyoletwa na Wazungu hao.

Chimbuko lake ni Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotokana na rasimu ya Mwingereza Thomas Macaulay. Kifungu chake cha 377 kiliharamisha kujamiiana “kinyume cha maumbile”. Serikali ya kikoloni iliitumia sheria hiyo huku kwetu, kisha mnamo 1930 ikatunga Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Hadi leo, kifungu cha 162 kinatoa adhabu ya miaka 14 gerezani; kile cha 165, miaka mitano. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliteuliwa 1944. Wakati huo kanuni hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka 14.

Uingereza yenyewe ilianza kulegeza kamba mnamo 1967. Mahakama ya Juu ya India iliwaondolea hatia watu wazima walioridhiana mnamo 2018, nayo Mahakama Kuu ya Botswana ikafuata 2019. Mwezi mmoja kabla ya Botswana, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu hivyo.

Madhara yake hayaishii kortini. Wanaume wawili waliokamatwa Kwale mnamo 2015 walipimwa sehemu ya haja kubwa kwa lazima ili kutafuta ushahidi. Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua mnamo 2018 kwamba haki zao zilikiukwa. Lakini kifungu kilichotumiwa kuwatendea hivyo kilibaki. Aliyepigwa au kutishwa ili atoe pesa huogopa kupiga ripoti, asije akageuzwa mshtakiwa.

Wakenya wana uhuru wa kutofautiana kuhusu maadili, na imani ya mtu haipaswi kubezwa. Hata hivyo, Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu heshima na faragha. Anayetaka vifungu hivyo vidumu hana budi kueleza vinavyoafikiana na ahadi hiyo, badala ya kuzisingizia mila za wazee ambao hawakuulizwa lolote vilipotungwa.