Viwanja vilifungwa miezi mitano: korona ilionyesha feza za mpira wa Lubumbashi zinatoka wapi

Tarehe 7 mwezi wa tatu 2020, TP Mazembe ilipiga Raja Casablanca 1-0 ku uwanja wake wa Kamalondo. Goli ile haikutosha, juu Raja ilikuwa imeshinda 2-0 kule Casablanca, na Mazembe ikatoka ku Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwenye robo fainali. Siku tatu kisha, Kongo ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Tarehe 18, Prezida Félix Tshisekedi akafunga shule, makanisa na bare, akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na michezo ya viwanjani ikasimama. Ku Lubumbashi mambo yalikaza zaidi: tarehe 23 na 24, gavana Jacques Kyabula alifunga mji mzima siku mbili. Katuba yote ilibaki ndani.

Viwanja vilingojea mpaka tarehe 15 mwezi wa nane ili serikali ivifungulie. Ni miezi mitano. Katika ile miezi, hakuna tiketi hata moja iliyouzishwa ku Kamalondo wala ku uwanja wa Kibassa Maliba kule komuni ya Kenya. Kampuni yoyote yenye kufunga mlango miezi mitano bila kuuzisha kitu ingeanguka. Lakini Mazembe haikufa, na Saint-Éloi Lupopo haikufa. Kwa nini?

Jibu lake ni fupi, na linasumbua: mlango wa uwanja haukuwa ndio wenye kulisha hizi ekipe tangu mbele. Korona haikuleta shida mpya ya feza. Iliondoa tu pazia, na kila mtu akaweza kuona nani analipa mpira wa hapa na nani analipwa kwa bahati.

Hesabu ya tiketi

Tufanye hesabu ya mfano. Uwanja wa Mazembe unaingiza watu karibu 18,500. Tuseme siku moja ya ligi wanaingia watu 10,000, na kila mmoja analipa franka 2,000. Inafanya franka milioni 20. Mwanzo wa mwaka 2020, dola moja ilikuwa karibu franka 1,700. Kwa hiyo mechi nzima inaleta dola karibu 11,700, na hapo haujatoa polisi, waamuzi, umeme na wafanyakazi wa milango.

Sasa weka pembeni zawadi ya CAF. Ekipe yenye kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu ule ilipewa dola 650,000. Ili kupata feza hiyo kwa tiketi za mfano wetu, ingehitaji mechi 55 za nyumbani. Ligi yetu haina hata nusu ya mechi hizo kwa mwaka.

Kuko jambo lingine ambalo wasapota wengi hawalioni. Tiketi inalipwa kwa franka, lakini mchezaji mkubwa, kocha kutoka inje na safari za ndege vinahesabiwa kwa dola. Mwisho wa 2020, dola ilikuwa imepanda karibu franka 2,000. Zile milioni 20 zilikuwa zimeshuka mpaka dola 10,000, bila msapota hata mmoja kukosa kuja. Ekipe yenye kuingiza franka na kutosha dola inapoteza feza hata siku uwanja umejaa.

Ndio maana kufungwa kwa viwanja kulisumbua Mazembe kidogo kuliko watu walivyoogopa. Kazi yake ya CAF ya msimu ule ilikuwa imeisha mbele ya viwanja kufungwa. Ligi ya taifa ilikatwa katikati, na Mazembe iliyokuwa ya kwanza ikatangazwa bingwa, maana yake ikapata nafasi ya kurudi ku CAF. Na katika ule mwaka wa ugonjwa, mshambuliaji wake Jackson Muleka aliuzishwa kwa Standard Liège ya Ubelgiji. Njia ni ileile aliyopita Mbwana Samatta wa Tanzania, aliyetoka Kamalondo kwenda Genk mwezi wa kwanza 2016. Uwanja ulikuwa mtupu, lakini soko la wachezaji halikufungwa.

Ulaya waliumia mahali pengine

Wakati huo redio zote zilikuwa zinasema Ulaya inalia. Ni kweli, lakini kilio chao kilikuwa cha namna ingine. Kule, kitu kikubwa ni televizio. Premier League ya Uingereza ilisimama tarehe 13 mwezi wa tatu ikarudi tarehe 17 mwezi wa sita, bila watu uwanjani, juu kila wiki bila mechi ilikuwa deni kwa wenye kununua picha. Hata kisha kurudi, ilibidi kuwarudishia televizio pauni karibu milioni 330. Ku Barcelona, wachezaji walikubali kukatwa asilimia 70 ya mushahara.

Ku Lubumbashi hakuna televizio yenye kulipa feza ya namna ile. Hasara ya kitu usichokuwa nacho haipo. Hapa ndipo watu wengine walisema: afadhali sisi. Lakini haiko afadhali. Mtu asiye na nyumba haogopi moto wa nyumba, lakini analala inje.

Angalia majirani. Ku inchi ya Kenya, ligi ilikatwa na shirikisho likatangaza Gor Mahia bingwa, wakati ekipe zilikuwa tayari zinalia tangu SportPesa ilipojitoa 2019 kwa ugomvi na serikali. Uganda pia ilikata ligi, ikaipa Vipers kombe. Tanzania ilirudisha mpira mwezi wa sita 2020, na mwezi wa tano 2021 shirikisho lao likapiga sahihi na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, karibu dola milioni 100. Ile feza inagawanywa kwa ekipe zote za ligi, hata zile ndogo za mikoani. Msapota wa Lubumbashi mwenye kujiuliza kwa nini wachezaji wazuri wa Kongo wanakimbilia Simba na Yanga, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Mfuko wa mtu mmoja

Kama haiko tiketi wala televizio, basi ni nani? Historia inasaidia kuelewa. Mazembe ilizaliwa 1939 kwa mapadri wa Benediktini, kisha ikabeba jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari. Lupopo nayo ilizaliwa 1939, kwa watu wa reli, na mpaka leo wanaiita ekipe ya wachemino. Zamani, nyuma ya ekipe kulikuwa kampuni yenye mushahara na yenye mipango. Kampuni zilipoanguka, ekipe zikaingia mikononi mwa watu wenye uwezo.

Moïse Katumbi njo anaongoza Mazembe tangu 1997. Chini yake ekipe ilipata uwanja wake yenyewe, ikachukua kombe la Afrika 2009, 2010 na 2015, na ikacheza fainali ya dunia na Inter Milan mwezi wa kumi na mbili 2010. Gavana Kyabula, yule aliyefunga mji siku mbili, baadaye akakuwa prezida wa Lupopo. Pande zote mbili za derby, ekipe inakaa karibu na mtu wa siasa mwenye jina.

Ulinzi huo ni wa kweli, hakuna haja ya kuukataa. Katumbi alitoka inchini mwezi wa tano 2016 na hakurudi mpaka tarehe 20 mwezi wa tano 2019. Katika ile miaka, Mazembe ilichukua Kombe la Shirikisho la Afrika mara mbili, 2016 na 2017. Ekipe yenye kupita uhamisho wa prezida wake inaweza kupita miezi mitano ya korona. Lakini mfuko wa mtu mmoja hauko mpango wa feza. Unategemea afya yake, biashara yake, siasa ya inchi na moyo wake. Korona haikugusa vitu hivyo. Siku ingine itakayovigusa, hakutakuwa tiketi wala televizio ya kusimamia.

Wale wenye kuumia kweli

Shida kubwa ya 2020 haikuonekana Kamalondo. Ilionekana chini, kwa ekipe za Katuba, za Kenya, za Kampemba na za Ruashi, zenye kucheza mashindano ya mji na ya jimbo chini ya EUFLU na LIFKAT. Kule prezida wa ekipe haiko tajiri. Ni muuzaji wa duka, mwalimu, mtu wa migodi, au mkubwa wa kartie mwenye kupenda mpira. Siku duka lake limefungwa, ekipe imefungwa pia.

Na mchezaji wa chini hana mushahara wa mwezi. Anapata kitu kidogo wakati wa kuingia ekipe, kisha primi ya mechi: ukishinda, unapata, ukipoteza, unapata transporti. Mara nyingi hakuna karatasi, ni maneno ya mdomo. Bila mechi, hakuna primi. Na bila karatasi, hakuna mtu wa kudai. Mchezaji wa Barcelona aliyekatwa asilimia 70 alikuwa na mkataba wa kukata. Kijana wa Katuba hakuwa na kitu cha kukata.

Kisha wanakuja wale wasiohesabiwa ku mpira: wamama wenye kuuzisha karanga, mayai na maji ya baridi karibu na milango, vijana wa moto na taksibisi wenye kutosha watu Katuba mpaka Kenya na Kamalondo siku ya derby, wenye bare za kuonyesha mechi, washonaji wa nguo nyeusi na nyeupe za Mazembe, na za bulu na manjano za Lupopo. Siku moja ya derby ni soko kubwa. Lile soko lilipotea bila mtu yeyote kuliandika ku kitabu cha hasara.

Feza ya FIFA na njia yake

Mwezi wa sita 2020, FIFA ilikubali mpango wa kusaidia mpira wa dunia: kila shirikisho dola milioni moja, na dola 500,000 tena kwa mpira wa wanamke, pamoja na uwezekano wa mikopo. Shirikisho la Kongo, FECOFA, lilikuwa kati ya mashirikisho 211 yenye haki hiyo.

Swali la ekipe za chini liko rahisi: kutoka FECOFA mpaka LIFKAT, kutoka LIFKAT mpaka EUFLU, kutoka EUFLU mpaka ekipe ya kartie, nani anaandika kiasi kilichopita? Pale Tanzania, ekipe ndogo inajua mbele ya msimu itapata ngapi ya televizio. Hapa, ekipe ndogo inajua tu itakayolipa: usajili, waamuzi na faini.

Kisha ugonjwa ulipungua, na jambo ambalo lilipaswa kutushtua lilikuja. Msimu wa 2022-2023 wa ligi ya taifa haukufika mwisho, ukabaki bila bingwa, na mara hii haikuwa korona. Ni ligi yenyewe iliyokosa nguvu ya kujibeba, ndani ya inchi ambayo ekipe ya Lubumbashi inapaswa kupanda ndege ili kucheza Kinshasa. Mwaka uleule wa 2023, FIFA iliweka kamati yake ya kurekebisha FECOFA. Kufungwa kwa 2020 kulitokana na ugonjwa. Kufungwa kwa 2023 kulitokana na hesabu.

Kitu gani kinaweza kubadilika

Hakuna mtu wa Katuba mwenye kuweza kuleta mkataba wa televizio kesho. Lakini mambo matatu hayahitaji tajiri. La kwanza ni karatasi: mkataba mfupi kwa kila mchezaji, hata wa primi tu, wenye kusema nini kitafanyika kama mashindano yanasimama. La pili ni kadi ya msapota yenye kulipwa kidogo kila mwezi. Franka 1,000 ya watu 2,000 ni franka milioni mbili zenye kuingia hata wakati uwanja umefungwa. La tatu ni EUFLU na LIFKAT kubandika ukutani, kila mwisho wa msimu, feza iliyoingia na iliyotoka.

Wakubwa wa mpira watasema mambo haya ni madogo, na ni kweli ni madogo. Lakini mwaka 2020 Mazembe ilikuwa na CAF, ilikuwa na Muleka wa kuuzisha, na ilikuwa na Katumbi. Ekipe ya kartie haikuwa na hata kimoja. Siku viwanja vitafungwa tena, kwa ugonjwa, kwa vita au kwa deni, hayo madogo njo yatasema kama kijana wa Katuba atabaki ku mpira ao ataenda kuchimba.